Mimba ya Miezi Minne Hadi Sita: Ya Kufanya na ya Kutofanya

Kichefuchefu kimekata, chakula kinapita, usingizi umerudi. Mama kijacho anajiona mzima, na hapo ndipo anapoanza kuiruka kliniki. Wiki ya 14 hadi ya 27 ni kipindi cha nafuu, lakini presha inaweza kupanda na damu ikapungua bila kukuuma popote. Masharti haya basi ni ya anayejisikia vizuri. Anayeumwa atakwenda mwenyewe bila kusukumwa.

Nenda kliniki hata kama huumwi. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linataka mjamzito ahudhurie mara 8 au zaidi, na mbili kati ya hizo ziangukie karibu na wiki ya 20 na ya 26. Usiondoke kabla hujapimwa presha na mkojo. Nesi akikwambia "iko sawa", uliza ni ngapi, kisha hakikisha imeandikwa kwenye kadi. Baada ya wiki ya 20, presha ya 140/90 ikikutana na protini kwenye mkojo ni dalili ya ugonjwa unaoweza kuishia kwenye kifafa cha mimba. Unaweza kuwa nayo huku unacheka na wenzako kwenye benchi.

Meza SP, dawa ya kukinga malaria, pale pale kliniki, mbele ya mhudumu. Kwenye maeneo ya malaria, dozi ya kwanza huanza wiki ya 13 na kuendelea. Ni vidonge vitatu kwa mkupuo. Zinazofuata hupishana kwa mwezi mmoja au zaidi, na kabla ya kujifungua uwe umepata angalau dozi tatu. Usizifunge kwenye pindo la kanga ukaahidi kumeza nyumbani. Malaria ya mjamzito inaweza kujificha kwenye kondo la nyuma, bila homa wala kutetemeka, ikamnyima mtoto chakula hadi akazaliwa na uzito mdogo. Kama dawa za sulfa zinakudhuru, au unatumia kotrimoksazoli, sema mapema, maana wewe SP haikuhusu. Na aliyemeza SP bado analala ndani ya chandarua chenye dawa.

Meza vidonge vya kuongeza damu kila siku. Usivisindikize na chai, iwe ya rangi au ya maziwa, kwa sababu chai huzuia mwili kunyonya madini ya chuma. Subiri saa moja au mbili. Chungwa linasaidia. Choo kitakuwa cheusi, usishtuke. Kikiwa kigumu, ongeza maji, mboga na papai, usiache vidonge. Chakula cha damu hakihitaji fedha nyingi: dagaa na maharage vipo sokoni.

Usile udongo. Najua unauzwa sokoni umepangwa vizuri kuliko nyanya, na najua harufu ya mvua ya kwanza inavyokutoa mate. Hamu hiyo mara nyingi huandamana na upungufu wa damu, na udongo hauiongezi hata tone. Unaweza kukubebea mayai ya minyoo, hata madini ya risasi. Mwambie nesi bila haya kwamba unautamani, upimwe wingi wa damu. Dawa ya minyoo nayo utapewa kliniki baada ya miezi mitatu ya kwanza, usijinunulie.

Usiingie duka la dawa ukaeleza maumivu kabla hujaeleza mimba. Mwezi wa nne, ndani ya dera, tumbo halionekani, na muuzaji si mganga wa ramli. Diklofenaki na ibuprofeni, hasa kuanzia wiki ya 20, zinaweza kuathiri figo za mtoto na kupunguza maji yanayomzunguka. Doksisaiklini inaweza kuharibu rangi ya meno yake kabla hayajaota. Na ile chupa ya mizizi aliyokuletea shangazi kutoka kijijini, mshukuru, kisha iache imefungwa.

Fanya altrasaundi kabla ya wiki ya 24. Kujua kama ni wa kike au wa kiume ni nyongeza tu. Kinachotafutwa ni umri wa mimba, idadi ya watoto, na mahali kondo lilipokaa. Ukiambiwa liko chini, usianze kulia: mara nyingi hupanda kadiri tumbo linavyokua. Lakini rudi ukapimwe tena.

Tegemea mtoto kucheza, usishindane na jirani. Wengine humsikia wiki ya 16. Mimba ya kwanza mara nyingi ni kama wiki ya 20. Ukifika wiki ya 24 hujasikia kitu, nenda kliniki. Na aliyekwisha kuzoea kucheza akitulia kuliko kawaida yake, usisubiri kesho.

Mstari mweusi tumboni, madoa usoni, kiungulia, nyonga kuvuta unapoinuka ghafla: vyote vya kawaida. Usijipake mkorogo kufuta madoa hayo. Mwingine una zebaki, na zebaki humfikia mtoto.

Kula mayai, yaliyoiva. Mtoto hazaliwi na kipara kwa sababu ya yai, hata kama anayesema hivyo ni mama mkwe. Pombe acha kabisa, na mbege ni pombe.

Usisubiri asubuhi ukiona damu ukeni, maji yakichuruzika, kichwa kikiuma sana na macho kuona maruweruwe, uso na mikono kuvimba, homa, maumivu makali ya tumbo, au degedege. Usimwite kwanza dada wa mtaani mwenye uzoefu wa watoto sita. Ita gari.

Na wewe baba, gari hilo litafutwe sasa, mwezi wa tano, mchana, wakati hakuna anayelia. Uwe na namba ya dereva anayepokea simu usiku, nauli iliyowekwa pembeni, na watu wawili waliokubali kutoa damu ikihitajika. Kundi la damu la mkeo limeandikwa kwenye kadi ya kliniki; kama hulijui, kaisome leo.