Ndege Wageni Baada ya Tufani



Sisi wakulima wa karafuu hatusahau upesi habari za tufani. Ile ya Aprili 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikasalimika. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilifika pande za Mafia. Upepo ukitulia, kila mtu huenda shamba kutazama miti yake, na pengine chini yake hukuta ndege asiyemjua. Somo letu la leo ni juu ya ndege huyo.

Yeye si uchuro. Ni ndege wa bahari kuu. Kusini-mashariki ya Unguja kipo kisiwa kidogo kisichokaliwa na watu, Fungu Kizimkazi, ambako ndege wa namna hii hutaga kwa maelfu. Upepo mkali huwachukua. Hawapati kula, nguvu huwaishia, nao hutua popote.

Tuwatambueje? Kwanza tuwatenge wenyeji wetu: shakwe, yangeyange na membe wa pwani. Kisha tutazame rangi. Membe mweusi mgongoni, mweupe tumboni na pajini, mwenye mkia wa panda, ni mgeni. Mwenye mwili wote wa kahawia na utosi mweupe-mweupe, naye ni mgeni. Vilevile ndege mkubwa mweupe, mwenye uso mweusi na weusi ukingoni mwa mbawa.

Yafaa kuwatafuta alfajiri ya pili, katika hori na ghuba zilizokingwa na upepo. Tuandike siku, saa, mahali na upepo utokako.

Aliyechoka tumshike kwa kitambaa, tuuepuke mdomo wake, tumweke kivulini ndani ya boksi lenye matundu. Tusimlishe kwa nguvu. Akipata nafuu, tumpeleke ufukweni aruke mwenyewe, tusimtupe majini. Akiwa na pete mguuni, tunakili nambari zake na kumwachia pete yake. Lakini tukiona wengi wamekufa pamoja, tusiwaguse kamwe. Tumwarifu bwana mifugo, kwani mafua ya ndege huweza kuambukiza kuku wetu, na hata watu.

Tuwakanye watoto wasiwapige mawe. Yule membe wa mgongo mweusi hutaga yai moja tu kwa wakati wake. Mkarafuu ukianguka twaweza kupanda mwingine. Yeye akiuawa, hatuna kitalu cha kumtoa.