SOMO LA MWEZI: WIMBO ULIOUNUNUA NI WAKO KWA KIASI GANI?



Amri ya Nane tumeikariri tangu darasa la Kipaimara. Hakuna kati yetu awezaye kuingia dukani akatoka na kilo ya sukari bila kulipa. Lakini wimbo hauna uzito, wala ukinakiliwa haupungui. Ndiyo maana wengi huuliza: "Nimenunua CD ya kwaya kwa fedha yangu. Je, ni kosa kuihamishia kwenye simu? Na nikimnakilia jirani je?" Maswali haya ni mema. Tuyajibu kwa sheria kwanza, kisha kwa Maandiko.

1. Sheria yasema nini?

Nchi yetu ilikuwa na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1966. Baadaye ikaja Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya 1999, ndiyo iliyounda COSOTA, ambayo leo ni Ofisi ya Hakimiliki Tanzania. Sheria hiyo yampa mtunzi haki ya kuruhusu au kukataza kazi yake isinakiliwe. Haki hiyo hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, ili wajane na yatima nao wapate kitu.

Hata hivyo, kifungu cha 12 kimeacha mlango. Kazi iliyokwisha kutolewa kihalali yaweza kunakiliwa bila kuomba ruhusa, endapo nakala ni kwa matumizi ya mtu mwenyewe, ya faragha, na si kwa kingine chochote. Basi aliyenunua CD akaiweka nakala kwenye simu yake ili asikilize akiwa shambani, hakuvunja sheria.

Angalieni maneno "ya mtu mwenyewe". Nakala anayopewa jirani imekwisha kutoka kwenye matumizi yako. Nakala inayouzwa ni kosa la wazi. Na kibanda kinachojaza nyimbo mia kwenye memori kadi kwa malipo hakiwezi kujificha nyuma ya kifungu hiki, maana kinafanya biashara.

2. Mfano wa asali

Tuchukue mfano wa hapa kwetu. Ukinunua chupa ya asali ya Tabora, ni yako. Waweza kuila, kuimimina katika chupa nyingine, au kumpa mgeni chupa yenyewe. Lakini hukununua mzinga. Vivyo hivyo anayenunua CD amenunua kile kisahani na ruhusa ya kusikiliza; utunzi umebaki kwa mtunzi. Ukimpa rafiki CD yenyewe, wewe hubaki nayo. Ukimnakilia na wewe ukabaki nayo, umegeuka kuwa mrina-asali katika mzinga wa mwenzako.

3. Wenzetu wamefanyaje?

Mataifa hayakubaliani katika jambo hili. Ujerumani, kwa sheria ya mwaka 1965, iliruhusu watu kurekodi majumbani, lakini ikatoza ada kwenye mashine za kurekodia kwa ajili ya watunzi. Uingereza iliruhusu nakala za binafsi Oktoba 2014. Julai 2015 Mahakama Kuu ikaifuta ruhusa hiyo, kwa kuwa Serikali haikuwa na ushahidi wa kutosha kwamba watunzi wasingedhurika kwa kukosa fidia. Twaona basi kwamba swali kila mahali ni moja: aliyefanya kazi atalipwa nini?

4. Tabora yetu

Mji wetu ulikuwa mji wa muziki. Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz zilijulikana nchi nzima kwa njia ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Kisha zikaja redio-kaseti. Wimbo ukipigwa hewani, watu waliunasa. Na wako wenye maduka walionakili kanda na kuziuza pasipo mpiga gitaa kuona senti. Leo kanda zimekwisha, lakini desturi imehamia kwenye simu, na anayeumia sasa ni pamoja na kwaya za makanisa yetu. Kwaya huchanga kwa miezi, hulipa studio, hutoa nyimbo. Nakala chache hununuliwa, zilizosalia "hurushwa" bure baada ya Ibada. Deni la studio hubaki kwa wanakwaya.

5. Maandiko yasema nini?

Someni Luka 10:7, 1 Timotheo 5:18 na Yakobo 5:4. Mafundisho ni wazi: anayetenda kazi anastahili ujira, na ujira uliozuiliwa humlilia Mungu. Babu zetu wapagazi wa njia ya Bagamoyo na Ujiji walilijua hilo. Mzigo waliobeba ulikuwa wa mwingine, lakini jasho lilikuwa lao, na ujira wake waliudai. Mtunzi naye aombe nini zaidi?

Wengine husema, "Huu ni wimbo wa Injili, Injili ni bure." Naam, neema ni bure. Lakini umeme wa studio haukulipwa kwa neema. Kwaya ikipenda kutoa nyimbo zake bure, na ifanye hivyo. Huo ni uamuzi wake, si wetu.

Basi nakili kwa ajili ya masikio yako mwenyewe, kwa dhamiri safi. Jirani akiupenda wimbo, mwelekeze kwa kwaya akanunue.

Maswali ya vikundi

1. Kuna tofauti gani kati ya kuazima CD na kuinakili?
2. Je, kila jambo lisiloadhibiwa na sheria ni halali mbele za Mungu? Someni 1 Wakorintho 10:23-24.
3. Mtaa wetu waweza kufanya nini ili kwaya yetu isibaki na deni?