SOMO LETU: Kwa nini mashirika hayalingani kwa fedha?

Katika kambi za mkoa wa Kigoma kuna mabango ya mashirika mengi. Baadhi yetu hudhani yote yana fedha sawa, na kwamba lisilotoa kitu linatunyima makusudi. Sivyo. Yanatofautiana kwa mambo matatu.

1. Ukubwa
Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, lilianzishwa Ufaransa mwaka 1971. Lipo katika nchi zaidi ya 70, na mwaka 2023 lilitumia zaidi ya euro bilioni 2. Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania kiliundwa kwa sheria mwaka 1962, nacho ni cha nchi moja. Kikundi cha akina mama cha kutembelea wagonjwa hakina ofisi wala gari. Vyote vitatu havigawani faida.

2. Chanzo cha fedha
Zaidi ya asilimia 90 ya fedha za MSF hutoka kwa watu na taasisi binafsi. Mashirika mengine mengi hutegemea serikali za nje au mkataba na UNHCR. Mfadhili akipunguza, huduma hupungua. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, mashirika mengi duniani yalipunguza kazi na wafanyakazi. MSF halikuwa likipokea fedha za serikali hiyo.

3. Aina ya kazi
Hospitali yenye chumba cha upasuaji hutumia fedha usiku na mchana: dawa, damu, umeme, gari la wagonjwa, mishahara. Elimu ya kunawa mikono hugharimu kidogo, lakini huzuia kuhara. Tena, fedha zilizotolewa kwa visima haziwezi kununua dawa bila kibali cha mfadhili.

Tufanye nini?
- Uliza kila shirika: kazi yenu hapa ni ipi, na mkataba unaisha lini?
- Mtoto mwenye homa kali au mjamzito anayetoka damu apelekwe kituo cha afya mara moja. Msizunguke ofisini kutafuta shirika linalohusika.
- Matibabu kambini ni bure. Ukidaiwa fedha, toa taarifa kwa kiongozi wa zoni au ofisi ya UNHCR.

Maswali ya kujadili
a) Katika zoni yenu, nani anashughulikia maji? Nani anashughulikia afya?
b) Shirika moja likiondoka, ni kazi gani tunaweza kuiendeleza wenyewe?