Istihadha si aibu: Maradhi ya kizazi na haki ya mwanamke

Imepokewa katika Sahihi Bukhari na Muslim kuwa Fatima bint Abi Hubaish (RA) alimwendea Mtume (SAW) akamweleza kuwa damu haimkatiki, akauliza kama aache swala. Mtume (SAW) alimfahamisha kuwa hiyo ni damu ya mshipa, si hedhi. Ummu Habiba bint Jahsh (RA) naye alikaa katika hali hiyo miaka saba. Tuzingatie hapa: waliuliza, na hawakukemewa.

Leo dada zetu wangapi wanaumwa kimya kimya? Madaktari wanataja maradhi mawili makubwa. La kwanza ni faibroidi, yaani uvimbe kwenye mfuko wa uzazi, ambao aghlabu si saratani. Wengine hawaoni dalili yoyote, lakini wengine hutokwa na damu nyingi hadi wakapungukiwa damu mwilini. La pili ni endometriosi. Tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi huota nje yake, zikaleta maumivu makali wakati wa hedhi, tendo la ndoa, hata wakati wa kwenda haja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huu unawapata wanawake wapatao asilimia 10 walio katika umri wa kuzaa.

Je, rangi ya mtu ina athari? Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kuwa kufikia umri wa miaka 50, zaidi ya asilimia 80 ya wanawake weusi na karibu asilimia 70 ya weupe huwa wamepata faibroidi. Weusi huzipata mapema zaidi. Hakuna rangi iliyosalimika, ila mzigo haulingani.

Kwa endometriosi, dhulma ilikuja kwa sura nyingine. Kwa miaka mingi madaktari wa huko walifundishwa kuwa ni ugonjwa wa wanawake weupe. Mweusi akilalamikia maumivu ya nyonga, aliambiwa ana maambukizi ya via vya uzazi, ambayo mara nyingi huhusishwa na zinaa. Mwaka 1976 Dk. Donald Chatman wa Chicago alionesha kuwa zaidi ya mmoja katika kila watano wa wagonjwa weusi aliowachunguza kwa kamera ya tumboni alikuwa na endometriosi. Baadhi yao walikuwa wamebandikwa jina hilo la maambukizi.

Hebu tulipime jambo hili kwa mizani ya nyumba zetu. Mke mwaminifu akirudi na jibu kama hilo, mume atamtazamaje? Allah (SW) ametukataza dhana mbaya katika Suratul Hujurat aya ya 12. Kabla ya kutamka neno la talaka, mume na aandamane na mkewe wakapate vipimo kamili. Na picha ya ultrasaundi ikiwa safi, asiambiwe anajifanya, kwani endometriosi haionekani kila mara kwenye picha hiyo.

Pia ipo hasara ya ibada. Wapo wanaoacha swala mwezi mzima kwa kudhani kila damu ni hedhi. Kwa madhehebu ya Imam Shafi, hedhi haizidi siku 15. Mwenye istihadha ana hukumu ya tohara: anaswali, anafunga, na ni halali kwa mumewe. Siku za hedhi zikimalizika ataoga. Kisha kwa kila swala ya faradhi, baada ya wakati kuingia, atajisafisha, atavaa pedi na kutawadha. Namna ya kuhesabu siku hutofautiana, hivyo amuulize mwalimu mwenye kujua fiqhi.

Lakini kujua hukumu hakuondoi wajibu wa kutafuta tiba. Enyi akina mama, binti anayekosa shule kila mwezi kwa maumivu msimwambie ni chango tu, ataolewa apone. Mpelekeni hospitali. Nanyi akina baba, mke anayeumia kwenye tendo la ndoa ni mgonjwa, si muasi. Na sisi walimu wa madrasa tuisomeshe milango ya hedhi na istihadha bila kuirukaruka, kwani Mtume (SAW) hakuona haya kuifundisha.

Wabillahi tawfiq.