Aya za Mbinguni na Aya za Kitabu

Ndugu zetu! Jirani zetu Wakristo wa Kambu huamini kuwa Mungu hujijulisha kwa viumbe vyake, kama ifundishavyo Zaburi ya 19, na kwa Biblia. Na ukamilifu wake wauona kwa Yesu. Krapf aliuona Mlima Kenya kutoka Kitui mwaka 1849. Lakini hakuwaachia Wakamba mlima peke yake, aliwafasiria Injili ya Marko kwa lugha yao.

Nasi twaamini viumbe na Kitabu, ila Isa kwetu ni Mtume. “Aya” ni ishara iliyo mbinguni, na ndiyo aya ya Qur'ani. Mbona basi twawasomesha wana wetu herufi pasi na maana? Asiyefahamu chake atamjibuje mwenziwe? Tuwafasirie. Wallahu a'lam.