SOMO LETU: MSUGUANO UNATUPINGA, TENA UNATUOKOA

Wakati wa mavuno sisi wakulima wa Handeni na Korogwe tunasukuma mizigo mingi. Hebu leo tujifunze kwa nini mzigo mmoja unakwenda na mwingine unagoma.

Tuchukue gunia la mahindi la kilo 100. Liweke chini, ulisukume peke yako. Haliendi! Siyo kwamba huna nguvu. Gunia na ardhi vinasuguana, na msuguano huo unapinga nguvu yako. Sasa waite wenzako wawili. Nguvu yenu ikiushinda msuguano, gunia linaanza kwenda. Mkiacha kusukuma, msuguano unalisimamisha.

Lipakieni gunia hilo hilo kwenye mkokoteni. Njia ikiwa tambarare na ngumu, mtu mmoja anatosha. Kumbe gurudumu linabingirika, halikwaruzi ardhi kama gunia. Lakini ekseli nayo inasuguana. Ipake grisi, kazi itapungua tena.

Je, msuguano ni adui tu? Hapana. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902. Reli ikilowa, magurudumu ya injini huteleza. Kwa sababu hiyo injini za treni hubeba mchanga. Mchanga ukimwagwa juu ya reli, magurudumu yanashika. Hata sisi, njia ikilowa wakati wa masika, tunateleza kwa kukosa msuguano.

Hatari kubwa iko kwenye mteremko. Hapo mkokoteni hauhitaji kusukumwa. Uzito wake wenyewe unauvuta, na kasi inazidi. Aliye mbele anaweza kukanyagwa akafa. Basi tufanye hivi:

1. Tupunguze mzigo kabla ya kuteremka.
2. Tufunge gogo zito kwa kamba nyuma ya mkokoteni, liburutwe. Msuguano wa gogo utapunguza kasi.
3. Watu washike kwa nyuma. Watoto wasikae mbele.

Kwa baiskeli, breki hufanya kazi kwa raba kubana rimu. Grisi tuweke kwenye ekseli na mnyororo. Kwenye rimu, hata tone moja tusiweke. Raba zikiisha, tununue nyingine. Raba ni rahisi kuliko mguu.

MASWALI
1. Kwa nini gunia ni zito kulisukuma chini kuliko kwenye mkokoteni?
2. Taja mahali pawili tunapotaka msuguano upungue, na pawili tunapouhitaji.
3. Kijijini kwenu mteremko wa hatari uko wapi? Zungumzeni mtakavyouteremka.