Babu Mwitaliano Aitwe Nani?

Mdogo wangu wa Siakago, barua yako nimeisoma mara mbili kwa furaha. Unaandika riwaya ya Njeru, mjukuu wa mateka wa vita Mwitaliano, na babu umempa jina la Corleone. Hapana, mpenzi, hilo litoe. Corleone ni mji wa Sisilia uliovumishwa na sinema. Msomaji ataona majambazi kabla hajamwona babu. Ferrari nalo ni jina la kawaida kabisa kwao, ila msomaji wa hapa ataona gari.

Anza na alikozaliwa. Jina la ukoo la Kiitaliano mara nyingi hutaja upande wa nchi, jinsi wewe ukisikia Ireri unavyojua huyo si wa Kisumu. Wa Sardinia mwite Piras, wa Napoli Esposito, wa Piemonte Barbero, wa Veneto Zanella. Rossi wamejaa kote; si kosa, lakini halitakusaidia kumjenga mtu.

Ukiweza, panda matatu uende Nyeri, kwenye kanisa la kumbukumbu pale Mathari alipozikwa Amedeo, Duke wa Aosta, aliyefia Nairobi mwaka 1942 akiwa mateka. Askari wake wamelazwa humo, na majina yao yako ukutani. Yasome taratibu. Chukua jina la ukoo peke yake, la kwanza utunge mwenyewe. Wale walikuwa na mama zao, na si vyema kumvaa marehemu mzima. Hata wale mateka watatu waliotoroka kambi ya Nanyuki Januari 1943 wakapande Mlima Kenya, kisha wakarudi kambini kwa hiari yao, waliitwa Benuzzi, Balletto na Barsotti. Majina ya watu wa kawaida tu.

Sasa jambo ambalo hukuniuliza: jina la babu lilimfikiaje Njeru? Vita viliisha, mateka wakarudishwa kwao. Mtoto wa babu akabaki kwa kina mama yake, akapewa jina la huko. Kwa hiyo ukichagua, tuseme, Zanella, usiliweke kwenye kitambulisho cha mtu. Liache kinywani mwa cucu, yaani nyanya yake Njeru, vile alivyolisikia akiwa msichana, na kwa kuwa Kimbeere, lugha yake, hakina z wala l, yeye atasema Sanera. Familia nzima imekua ikisema Sanera. Njeru akifika Italia kumtafuta babu kwa jina hilo hatapata mtu, na hapo una sura tatu nzima za kuandika.